Hodi ya kijiji cha maji moto hupigwa kabla ya kupanda treni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaojiandaa kwenda Japani, iwe kwa masomo, mkutano, biashara ya magari au matembezi. Wengi siku hizi, wakishamaliza shughuli zao Tokyo au Osaka, hutenga usiku mmoja au miwili wakalale kwenye kijiji cha chemchemi za maji moto, zile ambazo Wajapani huziita onsen. Wanafanya vizuri, kwa kuwa huko ndiko ukarimu wa Wajapani unapoonekana kwa karibu zaidi. Kinachosikitisha ni safari hiyo kuharibika kwa jambo dogo ambalo si fedha wala lugha: mgeni hakusema atafika saa ngapi, na kwa usafiri gani.

Kwetu hodi hupigwa mlangoni. Mgeni hukaribishwa ndani, mchuzi ukaongezwa maji, mambo yakaenda. Kule nako mlango uko wazi, ila hodi hupigwa mapema: siku ya kuweka nafasi, kisha siku moja au mbili kabla, kisha ukishashuka stesheni. Asiyejua hudhani ni ubaridi wa watu. Si ubaridi. Basi, gari la nyumba ya wageni, jiko na hata zamu ya kuoga vyote vimefungwa kwenye ratiba moja, na kijiji kina watu wachache wa kuibeba ratiba hiyo.

Nichukue mfano wa Nozawa Onsen, kijiji cha watu wapatao 3,500 kaskazini mwa mkoa wa Nagano, chini ya mlima wa kuteleza kwenye theluji. Tangu Machi 14, 2015 treni ya mwendo kasi ya njia ya Hokuriku inasimama Iiyama, na kutoka Tokyo hadi hapo ni kama saa moja na dakika 50. Nje ya stesheni kuna basi la kwenda kijijini, safari ya dakika 25 hivi. Kwenye karatasi ni rahisi mno. Makosa yanaanzia kwenye jina la treni. Njia hiyo ina treni za majina tofauti zinazotumia reli ileile. Treni iitwayo Hakutaka ndiyo ya kwenda Iiyama. Kagayaki ni ya haraka zaidi, haisimami Iiyama. Ukishapita Nagano ndani yake, mlango utafunguliwa tena Toyama, dakika 45 mbele, upande wa pili wa milima. Asama nayo inaishia Nagano. Mwenye tiketi ya kiti chenye namba haangukii mtego huu kirahisi. Anayeanguka ni mwenye pasi ya reli anayerukia treni ya kwanza aliyoiona imeandikwa Kanazawa au Tsuruga, miji iliyo mbele kwenye njia hiyo.

Mtego wa pili ni jina la stesheni. Kwenye reli ndogo ya Iiyama, ile ya treni za dizeli, kuna stesheni iitwayo Togari-Nozawaonsen. Ukitafuta kwa simu, jina linakuvuta, na kweli kwa umbali iko karibu na kijiji. Lakini haiko kijijini, na usafiri wa kutoka pale ni haba. Ukishuka hapo jioni na sanduku lako, theluji ikiwa magotini, utaelewa kwa nini wenyeji wanakuambia ushuke Iiyama. Jambo hili si la Nozawa peke yake. Japani ina stesheni nyingi zenye neno onsen kwenye jina, na chemchemi yenyewe iko kilomita kadhaa mbele. Kinosaki Onsen, mkoa wa Hyogo, ni kinyume chake: unatoka mlango wa stesheni, na mtaa wa mabafu umeanza mbele yako. Kwa hiyo usikadirie kwa jina. Iulize nyumba unayolala: nishuke stesheni gani, nipande basi gani, nishuke kituo gani?

Basi la kijijini lina utaratibu wake, na ni vizuri kuufahamu kabla ya kushika foleni. Kwenye mabasi mengi ya mashambani unapanda mlango wa kati au wa nyuma. Ukiingia tu, kuna kijimashine kinachotoa kikaratasi chenye namba, kichukue. Juu ya kioo cha mbele kuna ubao wa namba na nauli. Tafuta namba ya kikaratasi chako. Nauli iliyo chini yake inapanda kadiri basi linavyokwenda, na ile inayoonekana wakati wa kushuka ndiyo utakayolipa. Kabla ya kituo chako bonyeza kitufe, subiri basi lisimame kabisa ndipo uinuke, nenda mbele, tumbukiza kikaratasi pamoja na nauli kamili kwenye kisanduku kilicho kando ya dereva, ushuke kwa mlango wa mbele. Kisanduku hakirudishi chenji. Pembeni yake kuna mashine ya kuvunja pesa, nayo kwa kawaida inapokea noti ya yeni 1,000 na sarafu kubwa tu. Ukiwa na noti ya 10,000 peke yake umekwama, na basi zima linakusubiri. Isitoshe, Julai 3, 2024 Japani ilianza kutoa noti za sura mpya, na si mashine zote za mabasi ya vijijini zilizobadilishwa upesi. Nunua chupa ya maji stesheni uvunje pesa hapohapo, ubaki na noti za elfu moja mbili tatu na sarafu za 100 na za 10.

Kadi za kulipia nauli kwa kugusa, kama Suica, nazo zina mipaka. Mjini unagusa popote. Milimani yapo mabasi na reli zisizoisoma kabisa, na hata reli zinazoisoma zimegawanywa kwa kanda: ukigusa kuingilia kanda moja, huwezi kugusa kutokea kanda nyingine. Fedha taslimu bado ni mfalme huko juu.

Ratiba yenyewe isome kwa makini kuliko unavyosoma ya mjini. Mara nyingi ina safu mbili, moja ya siku za kazi na nyingine ya Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na kijiji cha theluji huwa na ratiba ya baridi na ratiba ya miezi mingine. Nje ya msimu wa theluji, kati ya basi na basi inaweza kupita saa nzima na zaidi. Tena usiamini picha ya ratiba ya miaka mitatu iliyopita. Tangu Aprili 1, 2024 sheria ya Japani imeweka kikomo cha saa 960 kwa mwaka za kazi ya ziada kwa madereva, na mapumziko ya lazima kati ya zamu na zamu yameongezwa kutoka saa 8 hadi angalau saa 9. Ni sheria ya haki. Dereva aliyechoka kwenye barabara ya mlima yenye barafu anaua watu. Ila madereva walikuwa hawatoshi tangu zamani, vijana wamehamia mijini, na matokeo yake kampuni nyingi zimepunguza safari, na mahali pengine basi la mwisho linaondoka mapema kuliko zamani. Teksi kwenye stesheni ndogo ni za kuhesabu kwa vidole, na jioni madereva wake huenda nyumbani. Programu ya simu unayotumia Dar es Salaam au Nairobi kuita gari usiitegemee huko.

Ndipo linapokuja gari la nyumba ya wageni. Nyumba nyingi za kulala wageni za kienyeji, ryokan, zina gari la kupokea wageni stesheni au kituo cha basi bila malipo. Mara nyingi ni Hiace au Coaster, ndugu wa damu wa daladala zetu na matatu za Kenya. Wengi wetu tumepanda gari hizohizo zikiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni. Hiace ya aina hiyo ina viti tisa au kumi, na dereva wake mara nyingi ndiye huyohuyo atakayekubebea begi, kisha akatandike magodoro. Hakuna dereva wa ziada anayekaa akisubiri atakayejitokeza. Gari linatoka kwa saa zilizopangwa, au kwa kuitwa, na wanaopakiwa ni walioandikwa kwenye orodha.

Na dereva huyo usimpe nauli. Namba za gari la biashara ya kubeba abiria huko zina ardhi ya kijani na maandishi meupe. Gari la nyumba ya wageni lina namba nyeupe zenye maandishi ya kijani, maana yake ni gari binafsi. Akipokea nauli amebeba abiria wa kulipa bila leseni, na utakuwa umemtia matatani kwa wema wako. Inama kidogo, sema arigatō gozaimasu, inatosha.

Sasa kuhusu kutaja saa. Hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Japani huandika muda kwa saa 24. Kupokea wageni kwa kawaida ni kuanzia 15:00, yaani saa 9 alasiri, na mwisho wa kupokea anayekula chakula cha jioni mara nyingi ni 18:00, yaani saa 12 jioni. Sasa mtu anayewaza kwa Kiswahili huandika kwenye ujumbe kwamba atafika "saa 12" na mashine ya kutafsiri inaipeleka 12:00, adhuhuri. Gari limekwenda stesheni mchana, halikumkuta. Jioni anashuka, hakuna mtu. Andika siku zote tarakimu nne: 16:40. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, idadi ya watu, jina la treni na namba yake, saa inayofika stesheni fulani, na kama unahitaji kupokewa. Ukichelewa piga simu. Kama hujui Kijapani, mwombe mfanyakazi wa stesheni akupigie kwa kumwonyesha namba na jina la nyumba; mara nyingi atakusaidia.

Kwa nini kuchelewa nusu saa kunawasumbua hivyo? Tazama sahani ya jioni. Bei ya ryokan huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba (hili nalo linawaponza wengi: wanaona bei, wanadhani ni ya chumba cha watu wanne), na ndani yake kuna chakula cha jioni na cha asubuhi. Cha jioni hakipakuliwi kutoka sufuria moja. Kila mtu ana sinia lake lenye vibakuli vingi vidogo, na mbele yake kuna jiko dogo la mezani lenye sufuria ya mtu mmoja. Chini ya sufuria kuna kipande cha mafuta magumu, mara nyingi cha buluu, chenye ukubwa wa kipande kidogo cha sabuni. Mhudumu anakiwasha ukishakaa. Kinawaka dakika 20 hivi, kisha kinazima chenyewe, na ukubwa wake umepimwa ili kikizima nyama na mboga ziwe zimeiva, au wali wa kijungu uwe umekauka sawasawa. Samaki wa kuchoma ameingizwa motoni kwa kuhesabu saa uliyosema utakaa. Vya kukaanga vinatoka jikoni na kuja moja kwa moja mezani. Ukisema 18:30 ukaja 19:30, vya moto vimepoa na vya baridi vimepata joto, na mpishi, ambaye kwenye nyumba ndogo ndiye mwenye nyumba, ameona kazi yake ya mchana kutwa ikiharibika. Na wewe ukila ovyo utaondoka ukisema chakula cha Kijapani hakina ladha.

Huko nje hakuna pa kukimbilia. Mikahawa ya kijijini mingi inafunga mapema, na duka la saa 24 linaweza kuwa mbali au lisiwepo kabisa.

Ukifika kwa wakati, angalia wanavyokupokea. Viatu vinabaki chini penye sakafu ya mlangoni. Usikanyage juu ukiwa navyo. Ndara za ndani unazivua kabla ya kukanyaga chumba cha mkeka wa tatami, na chooni kuna ndara zake nyingine, ambazo mgeni husahau akazunguka nazo nyumba nzima. Chumbani utakuta chai ya kijani na kijikeki au andazi dogo tamu. Watu wengi hukiacha kile kitamu wakidhani ni pambo. Kitafune! Umesafiri saa nne, tumbo tupu, unakwenda kujitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 42. Joto linapanua mishipa, jasho linatoka, msukumo wa damu unashuka, na mwenye njaa na kiu ndiye anayeona kizunguzungu akiinuka. Kikombe cha chai na kipande cha sukari kabla ya kuoga ni maarifa ya miaka mingi yaliyowekwa juu ya meza bila maelezo.

Vazi la pamba linalokunjwa sandukuni, yukata, unalivaa ndani na mitaani pia. Upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovikwa maiti, na mama wa nyumba akikuona umekosea atakuja kukufunga upya kwa mikono yake, bila kukuaibisha. Nje unavaa geta, viatu vya mbao ambavyo watu wa Pwani wangeviita mitalawanda bila kusita. Kinosaki kila nyumba ina vazi lake, na kwa kulitazama tu wahudumu wa mabafu hujua unalala wapi. Kule wageni wanaolala kijijini huingia mabafu saba ya nje bila kulipa tena. Kurokawa, mkoa wa Kumamoto, walibuni mwaka 1986 kipande cha mti cha mviringo chenye kamba, ambacho mgeni anakinunua na kuoga kwenye nyumba tatu tofauti anazozichagua. Nyumba ndogo isiyo na bwawa la kuvutia ikapata wageni, na nyumba kubwa haikupoteza kitu. Wenyeji husema kijiji kizima ni nyumba moja, njia ni korido, na kila nyumba ni chumba.

Nozawa ni tofauti, na hapa naomba wasomaji wasikie vizuri. Kuna mabafu 13 ya kijiji, yaliyo wazi kwa kila mtu bila kiingilio, na kwa sababu hiyo wageni hudhani ni ya serikali au ni ya utalii. Si hivyo. Ni ya wakazi. Kila bafu lina kundi la kaya za jirani liitwalo yu-nakama, wenza wa maji, utaratibu uliotoka enzi za Edo, karne kadhaa zilizopita, wanaopokezana zamu za kusafisha na kuchangia umeme na matengenezo. Mlangoni kuna kisanduku cha sadaka. Sarafu ya yeni 100 au mbili ndiyo hodi yako hapo. Ndani ni chumba kimoja: rafu za nguo ukutani, hatua chache mbele hodhi la mbao au la jiwe. Usitegemee bafu la mvua wala sabuni wala kabati la kufunga, kwa hiyo vitu vya thamani viache chumbani.

Utaratibu: salimia unapoingia, konbanwa ikiwa jioni. Vua zote. Chukua ndoo ndogo, chota maji ya hodhi, anza kujimwagia miguuni, panda magotini, kiunoni, mabegani, mara kumi au zaidi. Mbali na usafi, mwili unajulishwa joto. Kisha jioshe, usiache povu, ndipo uingie polepole. Taulo halizamishwi, liweke kichwani au pembeni. Nywele ndefu zifungwe juu, na dada zetu wenye rasta na nywele za kusuka wavae kofia ya kuogea, kwa kuwa nywele zikigusa maji ni kosa sawa na taulo, na maji yenye salfa yakiingia kwenye rasta harufu haitoki leo wala kesho. Vua bangili na pete za fedha: salfa ya maji hayo inashikana na fedha na kuifanya nyeusi kwa dakika chache. Kaa dakika tano, toka, pumzika, rudi. Usiingie baada ya kunywa pombe, na mwenye shinikizo la damu asikae peke yake.

Maji ya Nozawa ni ya moto kweli. Kwenye chemchemi ya Ogama yanatoka karibu nyuzi 90 na wenyeji wanachemshia mboga humo; mgeni haruhusiwi kuingia eneo hilo, na mtu akiteleza pale ataungua vibaya. Bafuni kuna bomba la maji ya baridi, na hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Mgeni anaona maji yanachoma, anafungua bomba robo saa, anaoga, anaondoka. Nyuma yake anaingia mzee aliyesafisha bafu hilo alfajiri, anakuta maji vuguvugu yatakayochukua muda mrefu kupanda tena. Uliza kwanza: umete mo ii desu ka? Yaani, naweza kuyapoza? Watakuambia ndiyo, na mara nyingi watakufungulia wenyewe, upande mmoja, kwa muda mfupi.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyependa kuoga mbele ya watu: yapo mabafu ya faragha, kashikiri, ya mtu mmoja au familia, mara nyingi kwa dakika 45 au 50, na huandikishwa wakati wa kuingia au kabla. Muda ni muda. Dakika ya 50 uwe umevaa. Kwenye bafu la pamoja soma pazia kila mara, 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Nyumba nyingi hubadilisha bafu la wanaume na la wanawake usiku, kwa hiyo ulikooga jana jioni kunaweza kuwa kwa wanawake leo asubuhi.

Chakula halali ni hodi nyingine inayopaswa kupigwa wiki moja kabla, kwa maandishi. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Mirin, kileo kitamu cha mchele, na sake (pombe ya mchele) ya kupikia huingia kwenye mchuzi, kwenye samaki na hata kwenye mboga, na jelatini iko kwenye vitamutamu. Taja kimoja kimoja. Nyumba nyingine itakujibu kwamba haiwezi, na jibu hilo ni la heshima. Afadhali hivyo kuliko kudanganywa. Linaloshindikana mara chache ni samaki wa kuchoma kwa chumvi, mayai, wali mweupe na matunda. Ama chukua chumba bila chakula ukiwa na chakula chako begini, ukijua maduka yatakuwa yamefungwa.

Masanduku makubwa usiyaburute. Njia za vijiji hivi ni nyembamba, zina ngazi, na baridi zina barafu. Kuna huduma ya kusafirisha mizigo mlango kwa mlango iitwayo takkyūbin, iliyoanza 1976: unalikabidhi sanduku hotelini Tokyo asubuhi, mara nyingi linafika kijijini kesho yake, wakati wa theluji kubwa linaweza kuchelewa. Panda na begi la usiku mmoja tu, na ijulishe nyumba kwamba sanduku linakuja kwa jina lako.

Anayefikiria kukodi gari ajue kwamba kuendesha kushoto ni kama kwetu, lakini kibali cha kimataifa kinachotambuliwa Japani ni kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949. Cha Vienna wa 1968 hakikubaliki. Soma mwaka ulioandikwa kwenye jalada kabla hujalipa gari. Na hata ukiwa nacho sahihi, barabara ya mlima yenye theluji si mahali pa kujifunzia.

Ginzan Onsen, mkoa wa Yamagata, imeonyesha kinachotokea wageni wakija bila hodi. Ni mtaa mmoja mwembamba kando ya mto, nyumba za mbao za ghorofa, taa za njano juu ya theluji, picha inayozunguka dunia nzima. Magari yakajaa, mengine yakakwama kwenye theluji, watu wakagombea mahali pa kupigia picha. Kuanzia Januari 2025, kwa msimu ule wa baridi, asiyelala kijijini alihitaji tiketi ya kuweka nafasi ili kuingia kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku, na baada ya hapo wakabaki wenye vyumba tu. Magari ya wageni wa mchana yakasimamishwa mbali, watu wakaletwa kwa basi. Nchi iliyopokea wageni karibu milioni 37 mwaka 2024 italazimika kuweka vizuizi vya namna hiyo mahali pengine pia, kwa hiyo angalia taarifa za kijiji chenyewe kabla hujanunua tiketi ya treni.

Neno la mwisho ni la kuondoka. Kutoka chumbani kwa kawaida ni saa 4 asubuhi, 10:00, na wageni wote hutaka gari la saa hiyohiyo. Hiace ina viti tisa au kumi. Usiku wa jana yake, ukitoka kula, pita mapokezi uandikishe jina na treni unayoiwahi, lipa kabisa hesabu yako pamoja na kodi ya kuoga, ambayo mahali pengi ni yeni 150 kwa mtu kwa siku. Asubuhi uwe na viatu miguuni dakika tano kabla. Gari likiondoka, mwenye nyumba na wafanyakazi watasimama barabarani, kwenye theluji au mvua, wakipunga mkono mpaka mpinde kona. Wapungie na ninyi.

Mdau wa usafiri na utalii,
Dar es Salaam